Shujaa wa Foleni ya Mchele

Shemsa, ile riwaya ya mapenzi uliyoniazima nshaimaliza. Simtaki shujaa wake.

Mwaka sabini na moja, anagawa mchele wa serikali Malindi, Unguja. Anampitisha msichana mbele ya foleni, kesho yake anakwenda kwa baba mtu kumdai awe mkewe. Msichana analia, mwandishi anasema eti anaona haya. Haya!

Nlikuwa nnamsomea bibi, yeye anachambua mchele. Nikamwambia, "Bibi, mwanamme gani huyu? Simpendi."

"Hata mimi sikumpenda."

Nikacheka. "Wewe umemjulia wapi?"

"Babu yako alinipata hivyo hivyo. Nikamzalia sita."

Sita, Shemsa. Mama yangu ndiye wa kwanza.

Akaendelea kuchambua. "Soma, mjukuu wangu. Nataka kujua kama mwishowe anamwomba radhi."

Haombi. Mwisho nlishausoma peke yangu. Nikafunua ukurasa uliofuata, nikamsomea.