Kodi Aliyoikata Salome

Dada Ndeshi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mgongo wa mama umepata nafuu. Huku tu wazima. Theluji inayeyuka, viatu ni tope tupu.

Kila tukipigiana simu huwa unaniuliza habari za Salome, yule niliyesoma naye uhasibu, nami nakatisha maneno. Leo nitakujibu. Tulifika huku pamoja, tukaishi chumba kimoja. Sasa mimi bado naandaa mishahara kwenye ofisi ya watu kule Oakdale. Yeye ana kampuni yake ya kuhudumia wazee majumbani, na nyumba Lakeville. Nikialikwa kwake nasifu mapazia, kisha narudi roho ikiniuma. Wala haringi. Angeringa, ningepata ahueni.

Mwezi uliopita alinipigia, sauti imemkauka, nikaenda kwake. Watu wa kodi wa jimbo walikuwa wanamtafuta. Huku, dada, mwajiri humkata mfanyakazi kodi ya mapato katika kila mshahara, kisha lazima aiwasilishe jimboni kwa wakati. Fedha ile si yake hata kidogo. Salome alikata, hakupeleka. Wateja walipochelewa kumlipa, aliitumia kulipa mishahara.

"Sheria uliijua," nikamwambia.

"Niliijua. Nilisema mwezi ujao nitafidia. Mwezi ujao nao ukaja na shida zake."

"Hili litakufuata wewe mwenyewe, si kampuni peke yake."

Akalia. Nilimshika mkono, lakini moyoni, Mungu anisamehe, nilijisikia kama mtu aliyepewa kiti baada ya kusimama mchana kutwa.

Nilikaa naye alipopiga simu jimboni. Alikiri yote, wakampangia kulipa kidogo kidogo, na faini juu. Gari lake jipya akaliuza. Nikasema basi, sasa tumelingana.

Jumamosi akawaita wafanyakazi sebuleni kwake awaeleze. Nilifika mapema. Nilitaka kuona wakimkimbia.

"Kwa hiyo ile tax ulikuwa unatukata haikufika?" akauliza Wanjiru, Mkenya mmoja aliyeanza naye kampuni.

"Haikufika. Ninyi mnahesabiwa mmelipa. Deni ni langu."

Wanjiru akasimama, akachukua koti lake. Nikajua ndiyo hivyo, anaondoka, na wengine watamfuata.

"Nimekasirika, boss, usidhani sijakasirika," akasema. "Lakini mamangu alipokufa uli-cover shift zangu wewe mwenyewe, ukaosha wazee na hiyo mikono yako. Mimi siendi mahali. Naenda tu kwa gari kuleta chakula. Lakini hiyo pesa yetu sasa ishikwe na mtu mwingine."

Wote wakageuka kunitazama mimi, mhasibu niliyekuwa pale.

Ndeshi, miaka yote napeleka kodi za watu kwa wakati, na pale ofisini kuna wasiolijua jina langu. Huyu katumia kodi yao, nao wanampikia pilau! Niliingia bafuni, nikafungulia maji, nikalia kwa wivu.

Nilipotoka nikakubali. Nitaifanya kazi hiyo kila Jumamosi, kwa sharti moja: kodi ikishakatwa inakwenda jimboni, Salome haigusi. Akasema, "Hata nikikuomba, usinipe," akanikumbatia mbele ya watu. Nikasimama kama mti.

Nisalimie shemeji, na mama mkubwa wa pale mgahawani, na yule binamu yetu fundi cherehani. Mwambie gauni limenikaa vizuri. Mama mwambie nimepata kazi ya pili. Usimtajie ni kwa nani, maana atasema, "Salome mtoto mzuri sana," nami kwa sasa siwezi kulisikia neno hilo, hasa kwa kuwa ni kweli.

Mdogo wako akupendaye,
Anande