Kaka, Mama Hakuwa Adui wa Levo Yako

Kaka yangu Maduhu,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu Mama alinilea hivyo, usidhani hasira zimenitoka. Naandika hadharani kwa kuwa simu zangu hupokei, na ulilolitenda ulilitenda mbele za watu.

Unakikumbuka kile chumba cha kompyuta pale Kambarage, chenye pazia la khanga badala ya mlango? Tulikuwa tukitoka shule tunapitia pale, saa moja ya kukodi, kiti kimoja, sisi wawili. Ule mchezo wa vita ulikuwa na watu wa dunia nzima ndani yake, na sisi tulikuwa na mpiganaji mmoja tu tuliyemkuza pamoja. Wewe ulishika kipanya, mimi nilisoma Kiingereza, maana hicho hukukiweza na mpaka leo hukiwezi.

Wiki ya kwanza tulipiga nguruwe pori tu, na levo, ile ngazi ya mpiganaji wetu, haipandi. Mimi nilijionea raha ya kushinda. Wewe ukanionyesha kwa kidole pale kwenye skrini, jina la adui linapoelea juu ya kichwa chake.

"Kabula, angalia rangi. Wa kijivu achana naye, mnyonge huyo, ukimuua hupati kitu. Wa njano ndiye saizi yetu. Mwekundu usimwendee peke yako, tafuta kundi."

Somo hilo nililishika kuliko hesabu za mwalimu yeyote.

Na wale wababe wa levo sitini, waliokuwa wanakaa langoni kuua wageni walioingia mchezoni siku hiyohiyo, unawakumbuka? Siku moja uliacha kazi yetu yote ukaenda kumkinga mgeni mmoja ambaye hata upanga hakuwa nao. Ukafa, ukafufuka, ukarudi ukasimama palepale, ukafa tena, mpaka saa yetu ikaisha. Nililia, maana tulibakiza kidogo tu tupande. Njiani ukaniambia, "Mtu anayemtafuta mnyonge ili ampige ni mwoga, hata awe levo mia." Nilikuona mkubwa sana siku ile. Ndiyo maana sasa nakereka hivi.

Mama alikausha michembe mwenyewe, viazi vile vitamu unavyovipenda, akaitia kwenye mfuko, akavaa kitenge cha kanisani. Tulibadilisha basi Kahama, tukashuka Buseresere, tukachukua bodaboda mpaka machimboni unakochimba dhahabu. Alikuwa hajakuona miezi mingi. Ulipotoka shimoni umejaa vumbi mpaka kwenye kope, akasahau kila kitu, akakujia mpaka kwenye mdomo wa duara, hilo shimo lenu.

"Ng'wanone," akasema, "mwanangu, mbona umekonda?"

Najua mnachoamini huko, kwamba mwanamke akisogelea shimo dhahabu inakimbia. Mama naye anajua. Njiani kote alikuwa ananikumbusha mimi nisisogee! Furaha ya kukuona ndiyo iliyomsahaulisha.

Mwenye duara akapaza sauti, kikombe cha chai mkononi: "Nani kamleta huyu mama? Mnataka mawe ya dhahabu yapotee?"

Na wewe ukageuka. Hukumgeukia yeye. Ulimgeukia Mama.

"Ondoka! Nani kakuita hapa? Unatuletea mkosi!"

Ukampokonya ule mfuko, ukautupa miguuni pake, michembe ikamwagika kwenye udongo, na wenzako wakacheka. Mama akainama, akaanza kuiokota mmoja mmoja.

Maduhu, huna haya? Si yule mwenye duara ndiye uliyenilalamikia kwenye simu, kwamba anawashusha chini bila magogo ya kuzuia kuta, na mwenzenu kafukiwa mguu? Alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwako. Kama yeye alikuwa mwekundu, wenzako wanane walikuwepo, na hilo ndilo kundi ulilonifundisha kulitafuta. Ukaona umalize hasira zako zote kwa mama aliyebeba michembe. Umepata nini? Umepanda levo gani?

Mama hakukusema hata kidogo. Kwenye basi alitazama nje mpaka Kahama, kisha akasema, "Amechoka tu."

Lakini kuna jambo hulijui. Tangu uzaliwe mtaa mzima unamwita Mama Maduhu, hata wasiokujua. Wiki iliyopita jirani alibisha hodi, "Mama Maduhu, upo?" Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Jirani akarudia. Ndipo akamjibu kwa upole, "Siku hizi niite Mama Kabula."

Silitaki jina hilo! Sikuliomba, na sina pa kuliweka. Kila ninapolisikia nakuona wewe pale juu ya shimo, na hasira zinaanza upya.

Njoo nyumbani. Usije na zawadi wala maneno ya kuzungukazunguka. Simama uani, mbele ya majirani, umwombe radhi kwa sauti ileile uliyomfukuzia. Jirani yetu bado anajisahau, bado anamwita kwa jina lako. Mama haitiki, ila mimi naangalia mikono yake. Kila akiitwa Mama Maduhu, mikono inasimama kidogo juu ya ungo, kisha inaendelea na mchele.

Jana mikono iliendelea bila kusimama.

Mdogo wako, anayeangalia rangi mpaka leo,
Kabula