Ukurasa wa Nne wa Kitabu Chao

Jumatano, tarehe 12 Novemba. Asubuhi ukungu mzito, baridi ya kukata masikio, mvua hakuna.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu na vuli imenyesha huko Mlalo, maharage yameshika. Mimi mzima, kikohozi kimeisha. Barua hii naipiga picha na kumtumia kaka Elia kwenye simu akusomee upesi, maana mkutano wa kijiji ni Jumamosi na wewe umo kwenye kamati ya ardhi. Usiweke sahihi popote kabla hajafika mwisho.

Unajua kazi yangu huku ng'ambo ni masijala, kupanga majalada na kuyafuta vumbi. Kampuni yenyewe huchukua fedha za watu, akiba za uzeeni hasa, ikaziweka mahali zizae: majengo, viwanda, na siku hizi misitu. Ndio hao waliokuja kwenu na fulana na kofia, wanaotaka kupanda miti kule juu kwa miaka tisini na tisa. Mwezi uliopita mkuu wangu, Bi Margaret, aliniletea kijitabu cha historia ya kampuni.

"Wewe si unatoka milima ile? Kitafsiri, kigawiwe kijijini. Wajue sisi si wageni."

"Kwani tuna muda gani kule?"

"Tulikuwa huko kabla bibi yako hajazaliwa, mpenzi," akasema, akatabasamu kama amenipa zawadi.

Nimekisoma mara tatu na kuandika kila kitu kwenye shajara yangu. Mama, sijapata kuona upuuzi uliopigwa pasi vizuri namna hii. Mwanzilishi alikuwa muuza kamba. Akapata mashamba ya mkonge bondeni, halafu ya chai mlimani. Mkonge ulipoporomoka bei, wakageuka kampuni ya bima. Bima ilipopata aibu mahakamani, wakaungana na kampuni nyingine na kubadili jina. Kijitabu kinasema "tulizaliwa upya". Nimehesabu, wamezaliwa mara nne. Mtu wa kwetu akibadili jina mara nne anatafutwa na polisi. Kurasa zimejaa wazee wenye masharubu. Wakata mkonge wamo kwenye picha moja tu, kwa mbali, na maelezo ya chini yanataja jina la mbwa wa meneja.

Lakini ukurasa wa nne ndio ulioninyima pumzi. Wamenukuu daftari la mpima ardhi wao wa kwanza. Alipanda upande wetu akakuta nyumba zimefungwa, mashambani hakuna mtu. Alikuja wakati watu wameshuka nyika kuvuna mahindi, kama bibi alivyokuwa akifanya kila mwaka. Hakumngoja mtu, hakuuliza. Akaandika kwamba nchi haina wenyewe. Kisha akasifu uzuri wake: kuna vichaka vya majani marefu, anasema, vimeota kwa mistari iliyonyooka, kona kwa kona, ajabu ya maumbile. Unaelewa alichokuwa anakitazama. Bwana mkubwa alisimama katikati ya mipaka ya watu na kuipaka rangi kwenye mchoro wake, asijue. Mtoto wa darasa la pili kwetu anajua sale la mpakani limepandwa na mtu, na ukiling'oa utaitwa mbele ya wazee.

Mchoro huohuo ndio uliobandikwa nyuma ya mkataba wa Jumamosi. Nimeulinganisha kwenye jalada, mstari kwa mstari. "Ardhi isiyotumika" yao inaanzia juu ya chemchemi na kumeza shamba letu tulilolipumzisha, pamoja na kaburi la baba.

Nilimwambia Bi Margaret yule mtu alikosea, ile ni mipaka. Akatazama saa.

"Hiyo ni historia, mpenzi. Wewe tafsiri tu."

Basi nimetafsiri. Sikuongeza uongo hata kidogo. Ila mmea ule una jina, nami nimeutaja: "Alikuta masale kwa mistari iliyonyooka, kona kwa kona, akaandika kuwa nchi haina wenyewe." Humu ofisini hakuna mwingine anayejua Kiswahili. Kijitabu kimepigwa chapa, na nakala zimeshafika Lushoto. Watazigawa wenyewe mlangoni.

Waache waseme yote, kunyweni soda zao, kisha mwombe mwenyekiti asome ukurasa wa nne kwa sauti. Usibishane. Uliza tu nani aliyapanda. Hata karatasi ya mahudhurio someni kichwa chake kwanza; nimeona kwenye majalada vijiji vilivyohesabiwa kuwa vimekubali kwa karatasi hiyo hiyo.

Wakigundua watanifukuza, na kibali changu cha kuishi huku kimefungwa kwenye kazi hii. Nimelifikiria siku nyingi. Nitarudi tulime karoti.

Nisalimie mama mdogo muuza pichi, mjomba mzee wa kanisa, na shangazi wa Muheza akipanda kuwaona. Wifi nampa pole na hongera ya kujifungua.

Ni mimi binti yako,
Naomi

Nyuma ya karatasi hii nimenakili ukurasa wa nne wote kwa mkono, iwapo watavikusanya vijitabu kabla ya Jumamosi. Nimeongeza mstari huu Alhamisi alfajiri, kabla ya kupiga picha. Nililala saa saba na robo usiku.