Kitambaa Nilichofumua Mara Tatu

Jumapili, asubuhi.

Mvua iliyoanza jana imekatika kabla jogoo hawajawika. Ua umejaa tope, ziwa limekuwa na rangi ya chai ya maziwa, na milima nyuma ya mji imefunikwa na mawingu hadi kiunoni. Nimekaa jikoni, nangoja makaa yashike tena kwenye mbabula. Kengele ya kwanza ya kanisa bado haijapigwa.

Nina jambo la kusema na sijui nilianzie wapi. Basi naanza na lile lililo baya kuliko yote.

Kwa wiki saba nimekuwa nikimuosha mama mkwe wangu kwa kipande cha gunia.

Ni yale magunia meupe ya nailoni ya kubebea mihogo, ambayo nyuzi zake zikikatika zinachoma kama miiba ya samaki. Nilikata kipande cha ukubwa wa viganja viwili, nikakikunja, nikakificha chini ya beseni. Sandukuni nilikuwa na taulo ndogo tatu, laini, hazijatumiwa. Nilichagua gunia.

Watu wote hapa mtaani kwetu Kimanga, mjini Uvira, wanamwita Mama Bahati, kwa jina la mume wangu, mtoto wake wa kwanza. Mwaka jana alianguka mlangoni akiwa ameshika ndoo. Kiharusi. Upande wa kuume ukafa. Akili ni nzima kabisa: anajua ni siku gani, anajua ni nani ameingia, anajua chumvi ikizidi kwenye mboga ya sombe. Lakini kinywani amebakiwa na neno moja tu, "muzuri". Ana njaa, "muzuri". Amelalia mkono vibaya, "muzuri". Muuguzi alituambia kwamba hutokea hivyo, neno moja linakwama ulimini na mengine yote yanapotea.

Asubuhi watoto wanakwenda shule, Bahati anakwenda Kavimvira, mpakani, anakoandikia wafanyabiashara karatasi za mizigo. Tunabaki wawili. Mimi ndiye ninayemuosha, kwa sababu mtoto wa kiume hatazami mwili wa mama yake. Hakuna mwingine aliyeuona mgongo ule.

Nitasema pia alichonitenda. Sisemi ili mnihurumie. Nasema kwa sababu ni kweli.

Nilipoolewa nilikuja na nape ya kufunika meza niliyoifuma kwa kroshe kwa miezi minne, kule kwetu Mutarule, kila siku baada ya shamba. Maua kumi na sita, yote yameunganishwa. Ndiyo ilikuwa mali yangu ya pekee yenye uzuri. Mwezi wa kwanza akina mama wa kanisa wakaja kunisalimia. Mama mkwe akainyanyua ile nape mbele yao, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, akaona ua moja lina majani saba badala ya manane.

"Mikono ya kupanda mupunga," akasema, "haiwezi kushika kroshe."

Akakata fundo la mwisho kwa meno, akavuta uzi.

Anayejua kroshe anajua. Kitambaa cha cherehani ukitaka kukiharibu lazima ukipasue. Kroshe unavuta tu, na inakuja yote, kitanzi baada ya kitanzi, kwa sauti ndogo kama mvua kwenye majani. Alivuta bila haraka. Akanipa ncha ya uzi, akaniambia, "Weye zungusha. Kazi mubaya inafumuliwa." Nikapiga magoti, nikazungusha uzi kwenye kidole huku nape yangu ikiisha mbele ya wageni. Wawili walicheka. Mmoja alitazama chini. Bahati alikuwepo mlangoni, akatoka nje.

Hiyo ni siku moja. Miaka tisa ina siku nyingi.

Wifi yangu Riziki, binti yake wa mwisho, anaishi Bujumbura. Miezi miwili iliyopita alikuja, akaniletea vidonge vinne vya uzi wa pamba, viwili vyeupe na viwili vya samawati. Akaniomba nimfumie mama yake kitambaa cha kuogea, kizuri, chenye pindo. "Ngozi yake imekuwa kama ya mutoto," aliniambia. "Taulo za sokoni zinamuumiza. Weye unajua kazi hii kutushinda sisi wote." Ni kweli kwamba pamba ndiyo inayofaa. Uzi wa nailoni haunywi maji, unayasukuma tu huku na huko juu ya ngozi. Pamba inakunywa, inazidi kuwa laini kila ikifuliwa.

Nilianza siku ileile. Nilikaa kwenye kiti karibu na kitanda chake ili anione. Vitanzi arobaini vya kuanzia, kisha mistari, mweupe, mweupe, samawati. Katikati nikafuma viduara vidogo vinavyosimama kama punje za mahindi, vinasugua vizuri bila kukwaruza. Mwisho pindo la mawimbi: vitanzi vitano vinaingia kwenye tundu moja, unaruka mawili, unafunga, unaanza tena. Alikuwa anaangalia. Anapenda vitu vizuri, hilo siwezi kumnyima. Siku ya sita mkono wake wa kushoto ulitoka chini ya shuka ukagusa pindo. "Muzuri," akasema. Safari hiyo neno lilikuwa na maana yake.

Nikakata fundo kwa meno, nikavuta.

Nilivuta taratibu, kama alivyovuta yeye. Macho yake yalifuata uzi hadi mstari wa mwisho, kisha yakajaa maji. Nikazungusha uzi kuwa kidonge. Halafu nikaleta beseni na kile kipande cha gunia.

Niliona raha. Sitaandika neno jingine.

Nilikifuma tena, nikakifumua tena. Mara ya tatu hakulia. Aligeuza uso ukutani, na mimi nikaenda upande wa pili wa kitanda, nikakaa pale uso ulipogeukia, nikaendelea kufumua.

Jana ilikuwa Jumamosi. Mvua ilikuwa inapiga bati, watoto walikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, Bahati kazini. Riziki akaingia bila kupiga simu, kikwembe kimelowa hadi magotini, mfuko wa ndizi kichwani. Alivuka mpaka mapema akakuta gari la kuja mjini. Nikafurahi kama inavyotakiwa. Nikamletea chai. Hakuinywa.

"Leo minye mwenyewe nitamuosha mama," akasema. "Weye pumuzika kidogo, wifi. Umechoka sana na sisi."

Nikamwambia ameshaoga. Nikamwambia maji hayajachemka. Alikuwa ameshaingia chumbani, ameshamkalisha, ameshamvua gauni.

Akamgeuza mgongo kwenye mwanga. Nami nikasimama mlangoni nikisikia mvua tu.

"Wifi, hii ni nini?"

Mgongo wote una mistari myekundu. Begani kuna mahali pamechubuka pakakauka, pakachubuka tena. Kwapani pako vibaya zaidi, sitaki kuandika.

"Iko joto tu, wifi," nikamwambia. "Na kulala siku mingi. Minye ninamupakaa mafuta kila siku."

Riziki akapiga magoti mbele ya mama yake, akashika uso wake kwa mikono miwili. "Mama, niambie. Banakuchunga namna gani hapa?"

Ndipo nikafanya jambo ambalo nikilifikiria asubuhi hii mikono inakuwa baridi, ingawa nimekaa karibu na moto. Hakuna aliyeniuliza. Nilisema mwenyewe, kwa sauti ya upole:

"Siku hizi neno lake liko na maana, wifi. Amepata nafuu. Kama kintu kiko muzuri, anasema. Kama kiko mubaya, ananyamaza."

Mama mkwe alinisikia.

Akaniangalia, na nikaona ameelewa kila kitu. Akafunga kinywa. Akakibana, midomo ikawa myeupe, mshipa ukasimama shingoni. Alikuwa anajaribu kunyamaza. Riziki akauliza tena, "Mama? Banakuchunga muzuri?" Akazidi kubana, kidevu kikatetemeka, mkono wa kushoto ukaanza kupiga kitanda. Kisha hasira ikawa kubwa kuliko kinywa, na kinywa kikafunguka.

"Muzuri! Muzuri! Muzuri!"

Alilia machozi akilipiga godoro. Riziki naye akalia. Akainuka akanikumbatia kwa nguvu hadi mate yakanipalia. "Unasikia? Anakusifu! Mama yangu hajawahi kusifu muntu!"

Juu ya bega la Riziki nilimwona mama mkwe akiacha kupiga. Mkono ulilala. Akafumba macho kama mtu aliyefunga duka.

Riziki akataka kitambaa. Nikampa kilivyokuwa, nusu, nilikuwa nimekianza mara ya nne. Akashangaa, uzi aliuleta zamani. Nikamwambia, "Nikiona kosa nafumua, ninataka kiwe safi." Akatikisa kichwa kwa kupenda. Akasema ndiyo maana yeye hawezi kazi hii, hana moyo wangu.

Hana moyo wangu. Aliyasema hayo huku anamsafisha mama yake kwa kanga yake mwenyewe.

Nilimaliza kitambaa jana jioni, mbele yao wote, kabla ya chakula. Bahati alirudi, dada yake akamsimulia. Mume wangu si mtu wa maneno. Alikuja akakaa karibu yangu kwenye mkeka, akanishika mkono wenye sindano, akasema, "Nilijua mama alikutesa. Sikukutetea. Na weye umemulipa wema." Miaka tisa nilikuwa nangoja kusikia hayo. Yalifika jana, na sikuwa na mahali pa kuyaweka.

Mama mkwe alikataa chakula kutoka kwangu. Alipolishwa na binti yake akala ugali na ndagala, sahani nzima.

Wakati huo Riziki akatangaza kwamba leo kanisani atasimama kutoa ushuhuda. Atanitaja jina. Anataka wakamwana wote wa Uvira wajue kwamba muntu kama mimi yuko.

Nililala nikijiambia kwamba limekwisha. Kitambaa kipo, gunia nitalichoma, ngozi itapona, nani atajua? Hayo ndiyo niliyoyafikiria. Sikufikiria toba.

Leo alfajiri Riziki alimuosha tena. Nilisimama mlangoni na ndoo ya maji ya moto. Alikilowesha kile kitambaa, akakikamua, akakipeleka mgongoni. Kabla hakijagusa, mama mkwe alikaza bega. Akafumba macho, akauma meno, akajikunja kama mtoto anayengoja fimbo. Kitambaa kikapita. Akangoja. Kikapita tena, laini, na maji ya uvuguvugu. Bega halikulegea. Alikuwa bado anangoja maumivu, na Riziki alikuwa anaimba, hakuona chochote.

Mwili wa mtu, nimeufundisha mimi kufanya vile.

Msifikiri kwamba nimeongoka. Nikikumbuka ile nape bado damu inachemka, na ile raha najua mahali ilipolala ndani yangu. Simpendi yule mama. Naye, akipata mkono mzima leo, najua atakachonifanyia. Lakini jana nilimnyang'anya neno lake la mwisho, nikalitumia kwa faida yangu, na sasa hana lolote la kunishtakia. Nimebaki mimi tu mwenye kinywa katika nyumba hii.

Asubuhi hii nilijaribu kumwambia Riziki tukiwa tunachambua mchele. Nilisema, "Wifi." Akasema, "Ee?" Nikasema chumvi imekwisha.

Kwa mdomo sitaweza. Kwa maandishi naweza. Riziki anasoma kila ninachoandika hapa kwenye ukurasa wangu, toka mwanzo. Hata siku niliyoandika juu ya ugonjwa wa kuku alisoma, akanitumia salamu. Simu yake inalia kila ninapoweka kitu kipya. Kitu anachosoma yeye, kaka yake atakisoma baada ya dakika mbili.

Baada ya hapo sijui. Pengine nitarudishwa Mutarule na watoto watabaki hapa. Pengine Bahati atanipiga, ingawa hajawahi. Pengine watamchukua mama mkwe Bujumbura, jambo ambalo lingefaa kufanywa zamani. Je, naogopa? Ninaogopa sana, hadi herufi zinanikimbia.

Kengele ya kwanza imepigwa. Riziki yuko chumba cha pili, anapiga pasi kikwembe atakachosimama nacho mbele ya watu. Simu yake iko juu ya meza, karibu na pasi. Ukuta wetu ni mwembamba.

Naituma sasa. Nitakaa hapahapa, niisikie ikilia.