Chumvi Ukutani kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Ukuta niliomjengea mama mkwe umetoka madoa meupe. Chumvi! Imeanzia chini, imepanda hadi mstari wa sita. Nyumba yenyewe haijatimiza miezi mitatu. Mama akaniuliza ni nini, tena mbele ya mke wangu. Nikasema ni udongo mbaya wa matofali. Uongo, ulinitoka tu. Hasira zake zote zikahamia kwa mzee aliyeyachoma. Nikashusha pumzi.

Jumanne, 5 Machi
Nimeuosha ukuta kwa mpira wa maji. Umetakata! Mama akaniita fundi wa kweli. Nikacheka kama mjinga.

Alhamisi, 7 Machi
Ukuta umekauka, chumvi imerudi maradufu. Nilijua. Maji yaliiyeyusha ikaingia tena ndani ya tofali, jua likaivuta nje. Ilitakiwa brashi kavu na subira — mimi nilitaka sifa za haraka.

Kisha nikaingia stoo. Nailoni ya msingi iko pale, bado imeviringishwa. Ndiyo inayozuia unyevu wa ardhini usipande ukutani. Sikuitandika! Siku ile mama alikuwa amesimama ananitazama, nikawa napanga matofali mbiombio nionekane hodari. Naona aibu hata kuigusa.

Ijumaa, 8 Machi
Mke wangu anasema mama amewaambia majirani wasinunue kwa yule mzee. Wawili wameshaghairi. Nimenyamaza. Mwanamume mzima.

Jumapili, 10 Machi
Mzee amekuja mwenyewe, na brashi yake. Hakugombana na mtu. Alisugua kikavu, vumbi jeupe likamjaa kwenye nyusi. Halafu akachimbua udongo kidogo kando ya msingi, akachungulia pale nailoni ilipopaswa kuonekana. Akaniangalia.

Mama akataka kujua kosa ni la nani. Mzee akakung'uta brashi yake, akasema huenda ni udongo wake. Mama akamjibu afadhali amekiri.

Nilitumwa maji ya kunawa. Nikammiminia mzee. Akaniambia kwa sauti ya chini, “Mbele ya mkweo siwezi kukuvua nguo, mwanangu. Utasema mwenyewe.”

Sasa wanakunywa chai ukumbini. Mimi nimejifungia chooni, naandika kwenye daftari la vipimo. Nawasikia. Mama anamsimulia mzee jinsi binti yake alivyobahatika kupata mume mkweli.