Orodha ya Mabubu

Jumatatu, 3 Februari

Damu mbele ya mashine ya kuranda, na saa mbili asubuhi haijagonga. Msumari, yule fundi vitanda, amempiga fundi milango na kipande cha ubao. Usoni, si mgongoni. Jino limebaki kwenye vumbi la mbao. Sababu ni zamu tu! Mashine ni moja, ya chama, na sisi ni mafundi thelathini na tisa, kila mmoja ana haraka kuliko mwenzake.

Nimewamwagia ndoo ya maji kama mbwa. Mwenyekiti alisimama pembeni akisema jamani, jamani. Ndiyo kazi yake.

Jioni mkutano — watu tisa. Mimi katibu, mshona makochi mwenye kazi zangu, nimesimama nikivisomea ajenda viti vitupu. Basi nimetangaza: kuanzia leo mambo yote kwenye grupu la simu. Anayeshiriki sana ndiye wa kwanza kwenye mashine Jumatatu. Asiyeandika neno, Ijumaa jina lake linatangazwa kwenye orodha ya mabubu na zamu yake ni ya mwisho. Na kutuma sauti marufuku. Sina muda wa kumsikiliza mtu akikohoa dakika tatu kabla hajafika kwenye hoja. Watu waandike.

Mwenyekiti amesema katibu ana kichwa. Ninacho.

Ijumaa, 28 Februari

Grupu limechangamka mno. Picha za makabati, utani, matusi, mtu anapiga picha chai yake ili tu asikose zamu. Sawa, wapige. Ni mkutano gani uliwahi kuwa na watu thelathini na wanane?

Bubu amebaki mmoja, Vanishi. Wiki ya nne mfululizo. Huyu ndiye anayepaka vanishi milango na meza za wenzake, mtu mpole, ukimkanyaga anaomba msamaha yeye. Leo mchana amekuja kwangu, akasubiri mteja aondoke. Dada, akaniambia, mimi sijui kusoma. Simu najua kupiga na kupokea, basi. Nifichie, hawa watanicheka mpaka nihame.

Nikamwambia siri yako iko kwangu. Lakini jina nimelitangaza. Ningeliacha wangesema katibu ana wake. Wamecheka sana. Msumari ameandika: kimya kingi kina mshindo mkuu.

Jumatano, 5 Machi

Sijaoga bado. Naandika hivyo hivyo.

Asubuhi Msumari kaandika drili yake imeibwa. Saa sita mchana katuma picha ya Vanishi: huyu ndiye alifunga wa mwisho jana, ana saa moja ajibu hapa hapa, asipojibu tutajua. Vanishi mwenyewe hayupo, yuko kwa mteja mtaa wa pili anapaka mlango. Watu wakaanza. Kikulacho ki nguoni mwako. Siku za mwizi ni arobaini. Mbona hajibu? Wiki nne hasemi, alikuwa anatusoma tu. Avunjwe mikono.

Niliandika: hajui kusoma. Nikafuta. Nilikuwa nimemwahidi. Nikasema moyoni atarudi, wataongea, yataisha. Na — niandike tu, hakuna anayesoma humu — nilikuwa nahesabu. Majibu thelathini ndani ya saa moja. Haijawahi kutokea. Vidole vikaenda vyenyewe: "Tumefika thelathini! Hongereni kwa kushiriki."

Saa saba na dakika kumi akaingia na kopo lake na brashi. Akatusalimia. Ubao wa kwanza ulimpata shingoni. Alipoanguka wakamrukia watu kumi, labda kumi na mbili, na wengine wakawa wanapiga picha. Msumari akaushika mkono wa kulia wa Vanishi, akaulaza juu ya benchi la kazi kama anapima mguu wa kitanda, akashusha nyundo. Mara nne. Niliisikia mifupa. Mtu akammwagia tina, ile ya kuyeyushia vanishi. Mwingine akauliza kiberiti, na kiberiti kikapatikana.

Hapo ndipo nilipoingia. Nimepiga kelele hajui kusoma, hajui kusoma, na mmoja akacheka. Aliyeshika kiberiti nilimng'ata mkono mpaka meno yakakutana na kitu kigumu. Kakiangusha. Nikalala juu ya Vanishi, tina ikanilowesha na mimi. Nikawaambia wawashe, watuchome wote wawili.

Hawakuwasha. Ubavu wangu umevimba. Bado natema damu ya yule mtu.

Alhamisi, 6 Machi

Drili imeletwa na mke wa Msumari. Ni yeye aliyemwazimisha kaka yake tangu Jumanne.

Grupu halina ujumbe hata mmoja. Watu thelathini na wanane!

Nimelala chini nikitazama miguu ya kochi. Kupiga na kupokea anajua. Aliniambia kwa kinywa chake. Ningempigia simu. Usirudi, ningesema, kaa hapo hapo kwa mteja. Nusu dakika. Na sauti niliikataza mimi — kama si hivyo angesikia, angejitetea. Nimemfunga mdomo, kisha nikamtangaza bubu.

Jumamosi, 8 Machi

Askari anataka simu yangu Jumatatu. Habari zimemfikia Msumari kabla hazijapoa. Kaja karakana, kafunga mlango nyuma yake. Futa, kasema. Lifute grupu lote sasa hivi. Nikamwambia sifuti. Akanishika nywele, akanigonga uso kwenye fremu ya kochi mara mbili. Katibu, kasema, ukinizamisha tunazama wote, na wewe umeandika pia.

Nilikuwa na sindano ndefu ya kushonea mito mkononi. Nimemchoma kiganja, ikatokea upande wa pili. Amepiga yowe la mtoto. Ametoka nayo humo humo mkononi, na nimefurahi. Nimefurahi kabisa, Mungu anisamehe. Kisha furaha ikaisha.

Maana kasema kweli.

Jumapili, 9 Machi

Hospitali. Naandika nimekaa kwenye benchi la korido, muuguzi amenitoa, anabadilisha bandeji.

Nilikuja kumwomba Vanishi radhi. Nilikuwa nimeipanga njiani, neno kwa neno. Jicho moja halifunguki, mkono wa kulia ni gogo la plasta. Daktari amemwambia mkewe vidole viwili havitashika brashi tena. Kabla sijafungua mdomo akasema: Dada, umekuja. Wewe ndiye ulinilalia. Mke wangu naye hajui kusoma, tumekungoja wewe. Nisomee waliyoandika. Nataka nijue kila mtu alisema nini, na jina lake.

Nikasema hayana maana, shemeji, pumzika kwanza. Mkewe akanisogezea kiti. Akasema dada, soma, tangu Jumatano anauliza.

Vanishi akauliza wako wangapi. Nikafungua simu, nikatazama, nikajibu bila kufikiri: thelathini na mmoja.

Nikasoma. Msumari kwanza. Halafu fundi milango, yule wa jino. Halafu mwenyekiti, aliyeandika "haki itendeke" na kuendelea na chai yake. Kila jina Vanishi anakunja kidole cha mkono mzima. Ukijaa anaufungua, anaanza upya. Halii. Kwa fundi viti alisema tu, huyo nilimpakia meza sita. Kwa "avunjwe mikono" mkewe aliinuka, akaenda kusimama dirishani, kisha akarudi akakaa.

Mkono ukajaa mara ya sita. Nikaizima simu. Nikasema basi, ndio hao.

Akautazama mkono wake. Bado mmoja, Dada, akasema.

Ndipo muuguzi akaingia na karai. Namshukuru muuguzi huyo kuliko mama yangu mzazi.

Naweza kusema nimehesabu vibaya. Naweza kutaja jina la mwingine yeyote, wako saba ambao hawakuandika kitu siku ile, nani atabisha? Yeye anajua kwamba nilimlalia. Hicho tu ndicho anachokijua juu yangu.

Mlango umefunguka. Muuguzi anatoka na bandeji chafu. Anasema niingie haraka, mgonjwa hataki kulala, anauliza huyo mmoja ni nani.