Shuka Ambalo Wifi Hajalifua

Nyumba ya kona, ghorofa ya pili
Jumapili asubuhi

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi. U hali gani, na kifua chako kimepoa? Watoto je? Mimi mzima, ila magoti hayapatani na ngazi za nyumba hii.

Simu ilikufikishia msiba wa kaka yako Pasi. Lakini ulipouliza kwa nini mkewe hakumwita daktari mapema, simu ilikuwa imewekwa sauti kubwa, na wifi yetu alikuwa amekaa ubavuni mwangu. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Upasuaji wa kongosho ulikwenda vizuri. Uvimbe wa saratani uliondolewa, akaachiwa mrija tumboni wa kutolea majimaji. Wiki ya pili alishaanza kunywa uji na kuwachokoza wauguzi: "Dada, hilo gauni nani kalipiga pasi? Ng'ombe?" Unamjua, dobi hata kitandani.

Mchana mmoja, mrija ulitoa damu kidogo, ikadondokea shuka, ikakoma yenyewe. Wifi akafanya alichofanya maisha yake yote kwenye udobi wao: damu haisubiriwi ikauke. Alilitoa shuka, lao la nyumbani, akalisugua kwa maji baridi bafuni, akatandika jingine, akamwaga na kilichokuwa kwenye kifuko cha mrija. Daktari alipopita alikuta kitanda cheupe. "Mgonjwa wenu msafi kuliko mimi," akacheka, akaenda zake.

Baadaye daktari wa upasuaji alinieleza taratibu. Majimaji ya kongosho yakivuja hula ukuta wa mshipa, na damu kidogo namna ile huwa ni onyo. Hata ikikoma, mgonjwa hupigwa picha papo hapo, na mshipa ukionekana unavuja, huzibwa kwa ndani kwa mrija mwembamba unaopitishwa kinenani.

Kesho yake damu ilikuja kwa wingi. Walimwongezea damu, wakamkimbiza kuuziba mshipa. Ulizibika, lakini moyo ulikuwa umeshachoka. Nilimuuliza daktari kama kuliona lile shuka kungemwokoa. "Pengine, mama. Sina hakika." Nimekuandikia kama alivyosema, sikupunguza neno.

Tuliondoka kwetu watatu, mdogo wangu. Tumebaki wawili, kila mmoja ugenini kwake. Aliyemfulia na kumpikia ndugu yetu miaka yote hiyo ni huyu mama. Mpigie. Usimuulize kitu, mwite tu wifi kama ulivyozoea.

Hospitali iliturudishia vitu vyake, pamoja na shuka la siku ile ya mwisho. Limo kwenye beseni, limekauka damu kama ubao. Jana niliinama nilichukue nikaliloweke, akanishika mkono.

"Liache, wifi," akaniambia. "Hili daktari alione kwanza."

Nisalimie shemeji, na yule binti yako mwenye maswali mengi. Mungu awalinde huko mliko, na ampumzishe ndugu yetu.

Ni mimi nikupendaye, na nisiyechoka kukungoja,
Dada yako mkubwa